Sharubati: Historia ya Kinywaji cha Matunda na Tahadhari kwa Mtafiti wa Maneno ya Mkopo

Utangulizi

Katika uchunguzi wa historia ya lugha imezoeleka kulichukua neno la mkopo kama unyayo katika mchanga wa pwani. Lionekanapo, hudhaniwa kwamba mgeni alipita mahali hapo, na kwamba alipopita alikuja na kitu chenyewe kinachotajwa kwa neno hilo. Mazoea hayo yana manufaa yake. Kamusi ya Frederick Johnson iliyotolewa mwaka 1939 ilimpa mtafiti msaada mkubwa kwa kuonyesha, mwishoni mwa maneno mengi, lugha ambayo neno limetoka. Lakini msaada huo umezaa pia tabia mbaya, nayo ni kuhesabu maneno ya kigeni na kutoka katika hesabu hiyo kutoa hukumu juu ya ustaarabu wa watu. Ikiwa majina mengi ya vyakula na vinywaji vya pwani yana asili ya Kiarabu, Kiajemi au Kihindi, basi, hudaiwa, meza ya Mswahili iliandaliwa na wageni, naye akakaribishwa tu kuketi.

Makala haya yanakusudia kuipima hoja hiyo kwa mfano mmoja mdogo: kinywaji kitamu cha matunda kitengenezwacho nyumbani, kiitwacho sharubati. Mfano huu umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, karibu kila kitu kinachohusika nacho, kuanzia jina lake hadi chombo anywewacho mgeni, kina neno lenye historia inayoweza kufuatwa. Pili, ni kinywaji cha kawaida, kinachotengenezwa na watu wasiohitaji kitabu wala mizani, na kwa hiyo hakikubebwa na maandishi bali na mikono. Itaonekana kwamba jina na kitu mara nyingi vimesafiri kwa vyombo tofauti, na kwamba anayefuata majina peke yake huiacha nusu ya historia jikoni.

Jina la kinywaji

Asili ya neno sharubati haina utata mkubwa. Msingi wake ni mzizi wa Kiarabu wenye konsonanti tatu, sh-r-b, uliobeba maana ya kunywa. Mzizi huo umeipa dunia maneno mengi. Kwa Waajemi na Waturuki ulizaa jina la kinywaji baridi cha matunda na sukari. Kupitia kwa Waturuki ukafika Italia na Ufaransa, ukawa jina la kitu cha barafu kinacholiwa kwa kijiko. Na kupitia Kilatini cha matabibu wa zama za kati ukawa jina la dawa tamu ya maji. Katika Kiswahili chenyewe mzizi huo una watoto zaidi ya mmoja. Kitenzi sharabu, chenye maana ya kufyonza majimaji, ni ndugu wa sharubati. Vilevile sharubu, nywele za juu ya mdomo, zinatokana na neno la Kiarabu ambalo kwa asili ni lile lile la mnywaji, kwa kuwa nywele hizo ndizo zitanguliazo katika kikombe.

Umbo la neno linastahili kuangaliwa kwa makini. Kiswahili hakikubali kwa wepesi konsonanti mbili kama r na b zikae pamoja, wala hakikubali neno la asili ya kigeni limalizike kwa t. Kwa hiyo sharbat ilitiwa irabu mahali pawili: u kabla ya b, kwa kuwa b hutamkwa kwa midomo, na i baada ya t. Utaratibu huo ndio uliofanya kitab iwe kitabu, na barf ya Kiajemi iwe barafu. Umbo sharbati, lisilotiwa u, nalo lipo katika vinywa vya wasemaji waliozoea matamshi ya Kiarabu.

Jambo la pili ni ile t yenyewe. Maneno ya Kiarabu ya aina hii, yakiingia Kiswahili moja kwa moja, kwa kawaida huiacha t na kumalizika kwa a: baraka, sadaka, neema, shahada. Katika sharubati t imebaki, kama ibakivyo katika matamshi ya Waajemi, Waturuki na watu wa Bara Hindi. Dalili hiyo huelekeza kwamba neno, ingawa ni la Kiarabu kwa nasaba, huenda halikuletwa na Mwarabu peke yake, bali na biashara nzima ya Bahari ya Hindi ambayo ndani yake Mwajemi na Mhindi walikuwa na sehemu kubwa. Basi hata kabla ya kulifikia tunda, neno moja lililoandikwa asili moja katika kamusi limekwisha kuonyesha njia zaidi ya moja.

Matunda na majina yake

Ikiwa jina la kinywaji linatoka ng'ambo, je, matunda yake yalitoka wapi na lini? Hapa maandishi ya wasafiri hutoa ushahidi unaoweza kulinganishwa na maneno.

Ibn Battuta alizuru pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1331, akapita Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Katika habari zake anaeleza kwamba Mombasa palikuwa na ndizi, malimau na matunda mengine ya jamii hiyo, pamoja na tunda dogo tamu lenye kokwa lililofanana na zeituni. Mogadishu aliandaliwa chakula pamoja na malimau yaliyotiwa chumvi, tangawizi mbichi na maembe, akaeleza kwamba embe likiiva ni tamu, na likiwa bichi ni kali kama limau. Neno alilolitumia kwa embe ni la ukoo mmoja na embe ya Kiswahili, na yote mawili yana asili katika lugha za Bara Hindi. Katika mfano huu jina na tunda vinakubaliana: vyote viwili vilivuka bahari ile ile na kufika mapema.

Limau ni kesi nyingine. Umbo la neno hili linakaribiana zaidi na limão ya Kireno kuliko limun ya Kiarabu. Mtafiti anayetegemea umbo peke yake angeweza kusema kwamba tunda liliingia pamoja na Wareno, yaani si kabla ya mwaka 1498. Lakini Ibn Battuta alikwisha kulitaja miaka 167 kabla ya Vasco da Gama kutia nanga. Hata likikubaliwa kuwa neno ni la Kireno, tunda si la Kireno. Na kando yake lipo ndimu, tunda dogo la mviringo lenye ukali zaidi, ambalo msemaji wa Kiswahili halichanganyi na limau.

Chungwa linaonyesha jambo hilo kwa namna ya kuchekesha. Habari za safari ya kwanza ya Vasco da Gama zinaeleza kwamba mwezi Aprili 1498 mfalme wa Mombasa aliwapelekea Wareno kondoo pamoja na machungwa, malimau na miwa kwa wingi. Waliporudi kutoka Bara Hindi mwezi Januari 1499, wakiwa wamedhoofishwa na kiseyeye, ugonjwa wa mabaharia wanaokosa matunda na mboga mbichi, walituma mtu pwani ya Malindi kuleta machungwa kwa ajili ya wagonjwa. Basi Wareno waliyapokea machungwa ya mwambao huu kama zawadi na kama dawa. Hata hivyo, Waarabu na Waajemi wamelipa chungwa jina linalotokana na nchi ya Ureno, kwa sababu Wareno ndio waliolieneza sana baadaye chungwa tamu. Kiswahili, ambacho kiliishi karibu na Waarabu kwa karne nyingi na chini ya Wareno kwa karne mbili, hakikulichukua jina hilo. Kilikuwa na jina lake.

Matunda ya Marekani yana historia fupi zaidi. Nanasi halikujulikana katika dunia ya zamani kabla ya Columbus kuliona katika visiwa vya Karibi mwaka 1493. Jina lake lilitoka katika lugha ya Watupi wa Brazili, likachukuliwa na Wareno, likafika pwani likiwa limepoteza irabu ya mbele. Hapa tena jina na kitu vilipanda merikebu moja. Lakini pera, tunda jingine la Marekani, lilivishwa nguo ya mwenzake. Neno ni la Kireno, na kwa Mreno lina maana ya tunda la Ulaya ambalo Kiswahili leo huliita pea. Mswahili alilichukua jina akalipa tunda alilokuwa nalo mkononi.

Mfano ulio mzito kuliko yote ni ukwaju. Mti huu ni wa asili ya Afrika, na Kiswahili kimeuita kwa jina lake, kikilipa mti m- na tunda u-, kama kifanyavyo kwa mbuyu na ubuyu. Waarabu, waliolipata tunda hilo katika masoko ya India ambako mti ulikuwa umeota kwa muda mrefu, waliliita tende ya Hindi. Jina hilo la Kiarabu ndilo lililoingia katika lugha za Ulaya, na mwaka 1753 Linnaeus akalithibitisha kwa kuupa mti jina la kitaalamu la Tamarindus indica. Hivyo mti wa Afrika umeandikwa katika vitabu vya mimea vya dunia nzima kwa jina la Kiarabu linalosema kwamba ni wa India. Kama mtafiti wa Ulaya angetumia kwa lugha yake kanuni ile ile inayotumiwa kwa Kiswahili, angeamini kwamba Afrika iliupata ukwaju kutoka ng'ambo. Jina lilikosea, na tunda lilibaki mahali lilipokuwa.

Kazi ya mkono

Mpaka hapa uchunguzi umekuwa wa majina ya vitu. Sharubati, hata hivyo, haiokotwi chini ya mti, hutengenezwa. Ni lazima kuangalia maneno ya kazi.

Mpishi anayetengeneza sharubati ya ukwaju huambua ganda, huiloweka nyama ya tunda katika maji ya uvuguvugu kwa muda wa nusu saa au zaidi, kisha huifikicha kwa vidole mpaka iachane na kokwa. Rojo lipatikanalo huchujwa, huongezwa maji na sukari, hukorogwa, hutiwa iliki iliyotwangwa, kisha huachwa lipoe. Kwa ndimu, tunda hukatwa vipande viwili na kukamuliwa bila kulazimishwa, kwa kuwa ganda likisongwa mno hutoa uchungu usioondoka kwa sukari. Nanasi humenywa na kupondwa. Embe bivu hukamuliwa likiwa zima, au hukatwa na kusuguliwa katika chujio. Dafu hupasuliwa, maji yake yakamiminwa na nyama yake laini ikakwanguliwa. Na si ajabu kwamba kwa mnazi lugha ina ngazi nzima ya majina, kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi, kwa kuwa kila ngazi ina kazi yake jikoni na mpishi akikosea ngazi hukosa kinywaji.

Vitenzi hivi, kuambua, kuloweka, kufikicha, kuchuja, kukoroga, kutwanga, kukamua, kumenya, kuponda, kukwangua, ni vya Kibantu. Baadhi yake vina ndugu mbali na pwani. Mzizi wa kamua ndio ule wa kukama ng'ombe, unaosikika katika Kigikuyu na Kiganda kwa maana hiyo hiyo ya kukama. Mkono uliokuwa ukikama ndio uliokamua ndimu. Derek Nurse na Thomas Spear katika kazi yao ya mwaka 1985, na Nurse na Thomas Hinnebusch mwaka 1993, walionyesha kwa ushahidi wa sauti na sarufi kwamba Kiswahili ni lugha ya kundi la Sabaki, pamoja na Kipokomo, lugha za Mijikenda na Kingazija. Ushahidi wa jikoni unakubaliana na wao kutoka upande ambao haukuangaliwa sana.

Yaweza kujibiwa kwamba hoja hii haina nguvu, kwa sababu katika lugha zote za dunia vitenzi hukopwa kwa shida kuliko majina. Jibu hilo ni la haki, lakini halitoshi. Kiswahili hakikufunga mlango wake kwa vitenzi vya kigeni. Safiri, fikiri, samehe, amini, jibu na dhani vyote viliingia, vikavaa viambishi vya Kibantu na kukaa kama wenyeji. Hata jikoni kusafisha kunatokana na safi ya Kiarabu. Mlango ulikuwa wazi. Ila katika kukamua, kuloweka na kuchuja hapakuwa na haja ya kukopa, kwa kuwa kazi zilikwisha kujulikana. Lililokopwa ni jina la kinywaji kilipofika barazani mbele ya mgeni, pamoja na majina ya baadhi ya vitu vilivyonunuliwa dukani.

Utamu, ubaridi na chombo

Mgawanyo huo wa maneno ya shamba na jikoni upande mmoja, na maneno ya duka na baraza upande wa pili, unaonekana pia katika sukari na barafu. Mmea wa sukari una jina lisilo la Kiarabu, muwa, na kama ilivyoonekana, miwa ilikuwako Mombasa mwaka 1498. Lakini bidhaa iliyotengenezwa na kupimwa kwa ratili huitwa sukari, neno lililoanzia Kisanskriti likapita Kiajemi na Kiarabu. Sukari guru, ile ya rangi ya kahawia, imechukua nusu ya jina lake kutoka Kihindi. Mtu aliyelima aliita muwa. Aliyenunua aliita sukari. Mara nyingi alikuwa mtu mmoja.

Kuhusu ubaridi, barafu kwa Mwajemi ni theluji, lakini katika lugha za Bara Hindi ya Kaskazini neno hilo hutumiwa pia kwa maji yaliyoganda. Pwani haina theluji, na barafu ya kutiwa katika kinywaji haikupatikana mpaka ilipotengenezwa kwa mashine. Kuwapo kwa neno hilo hakumaanishi kwamba kabla yake sharubati ilinywewa moto. Mtungi wa udongo ulifanya kazi hiyo. Maji hupenya polepole katika kuta zake, hufikia upande wa nje na kugeuka mvuke, na katika kugeuka huondoa joto la maji yaliyobaki ndani. Zaidi ya hayo, mtungi ulifukizwa ubani kabla ya kujazwa, maji yakapata harufu nzuri. Ujuzi huo wote umebebwa na mtungi, mfinyanzi na kufukiza, na hakuna hata neno moja kati ya hayo litakalomvutia msomaji anayetafuta alama za asili ya kigeni. Chombo cha mgeni ndicho chenye jina la safari: bilauri kutoka Kiarabu, na baadaye gilasi na jagi kutoka Kiingereza.

Juisi na mashine

Katika karne ya ishirini Kiswahili kilipokea juisi kutoka Kiingereza. Neno hilo limeenea katika mazungumzo ya kila siku, hali sharubati limebaki zaidi katika maandishi, katika kamusi na katika mafunzo ya shule. Katika madarasa mengi ya Kenya mwanafunzi aandikaye juisi husahihishwa aandike sharubati, kwa hoja kwamba la kwanza ni la kigeni. Hoja hiyo haisimami, kwa kuwa inafukuza mgeni wa jana kwa kumkaribisha mgeni wa juzi. Kama sharubati inastahili kulindwa, na inastahili, sababu yake ni maana. Juisi ni maji yatokayo katika tunda, ambayo Kiswahili kilikwisha kuyaita maji ya ndimu au maji ya chungwa bila kukopa. Sharubati ni kinywaji kilichotungwa: tunda, maji, sukari na kiungo, kwa kipimo cha mtu anayejua. Maneno hayo mawili hayashindani ila pale maana zake zinaposahauliwa.

Badiliko lililo kubwa kuliko la juisi halijapata kelele. Katika nyumba nyingi za mijini leo chungwa, nanasi, pasheni na ndimu hutiwa pamoja katika blenda na kunywewa kama kinywaji kimoja. Jagi hilo ni mkusanyiko wa historia: ndimu na ndugu zake waliotajwa mwaka 1331, chungwa la mwaka 1498, nanasi la Marekani, na pasheni iliyoenea wakati wa ukoloni ikiwa na jina la mateso ya Kristo, walilopewa maua yake na wamisionari wa Marekani ya Kusini, jina ambalo kwa mnunuzi wa sokoni halina tena habari hiyo. Lakini mashine imemeza vitenzi. Palipokuwa na kufikicha, kuponda, kusugua na kukamua, sasa pana kusaga tu. Na kusaga ni neno la nafaka na mawe, lililohamishwa kutoka katika unga likaletwa katika tunda.

Hitimisho

Mfano wa sharubati hauonyeshi kwamba ushahidi wa maneno ya mkopo ni bure. Kwa nanasi na kwa embe umesema kweli. Kwa limau ungepotosha tarehe, kwa pera umebadilisha tunda, na kwa ukwaju umezipotosha lugha za Ulaya mpaka katika jina la kitaalamu. Kinachotakiwa ni kila jina lipimwe kwa habari za kitu chenyewe, na kila orodha ya majina iwekwe kando ya orodha ya vitenzi, kwa kuwa jina hueleza kitu kilipouzwa na kilipoandaliwa, hali kitenzi hueleza nani aliyekifanya.

Orodha ya majina imekwisha kuandikwa na wakusanyaji wengi tangu Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844. Orodha ya vitenzi vya jikoni, pamoja na tofauti zake kutoka Lamu hadi Vanga, ingali zaidi katika vinywa vya akina mama wazee kuliko katika karatasi. Wao ndio wanaojua ni lini tunda hufikichwa na ni lini husongwa, na ni nini huharibika mtu akikosea. Wakati blenda inaendelea kuyafanya maneno yote hayo kuwa moja, kazi ya kuyaandika haiwezi kuachiwa kizazi kijacho, kwa sababu kizazi hicho kitarithi majina tu, na kwa majina tu kitaambiwa tena kwamba meza iliandaliwa na wageni.